Sura ya Saba: Daktari Aliyefuata Samaki Akakuta Sabuni

Wakenya wengi walianza kuiogopa zebaki kwa sababu ya sukari. Juni 2018, Fred Matiang'i, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza kwamba sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na shaba na zebaki. Hazikupita siku nyingi, waziri mwenzake wa Viwanda na Biashara, Adan Mohamed, akawaambia wabunge kwamba vipimo havikuonyesha zebaki yoyote. Kamati ya Bunge ikaandika ripoti. Agosti ripoti hiyo ikaangushwa, huku wabunge wenyewe wakirushiana lawama za mlungula. Mwananchi akaachwa na sukari yake mezani na hofu isiyojua pa kwenda.

Ikaenda kwa samaki. Kabla ya mwaka huo kwisha, gumzo lilikuwa samaki wa China: kwamba wamejaa madini ya risasi, kwamba wana zebaki, kwamba wanafugwa kwenye maji machafu. Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akasema waagizaji wazuiwe. Tangu hapo hofu haijatoka sokoni.

Fika Marikiti mjini Machakos Jumamosi asubuhi utaiona. Tilapia wamepangwa juu ya barafu iliyoanza kuyeyuka. Kando yao kuna gunia la omena wanaopimwa kwa gorogoro, na rundo la mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokaangwa ikakauka, mnofu wake ukiwa umeshakwenda kuliwa kwingine. Mteja anafunua shavu la samaki kuona kama ndani kungali kwekundu, anabonyeza ubavu kwa kidole gumba, halafu anauliza swali la siku hizi: "Huyu si wa China?"

"Aiee, mwaitu. Huyu ni wa ziwa, ameingia usiku kutoka Kisumu."

Ukaguzi huo una maana yake, ila zebaki hauigusi hata kidogo. Shavu jekundu linakueleza samaki amekufa lini. Zebaki iliyomo ndani ya mnofu haina harufu wala rangi, na haibadilishi ladha. Samaki aliyevuliwa alfajiri ya leo anaweza kuwa nayo mara kumi kuliko aliyelala kwenye barafu wiki nzima. Cha kuuliza ni alikuwa anakula nini, aliishi miaka mingapi, na maji yake yalipokea nini kutoka nchi kavu.

Zebaki ni ya ardhini. Volkano huitoa, na sisi huitoa zaidi. Kwa tathmini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2018, shughuli za binadamu zilipeleka hewani takriban tani 2,220 za zebaki katika mwaka 2015. Karibu asilimia 38 ilitokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu, wale wanaoichanganya na mchanga uliosagwa ili iishike dhahabu, kisha huichoma na kubaki na kipande cha njano kwenye karai. Hayo yanafanyika Migori, Kakamega na Geita. Makaa ya mawe yalichangia asilimia 21. Saruji ilichangia kama asilimia 11, na hapo msomaji wa Machakos hana budi kukaa sawa kitini, kwa kuwa Mavoko ndiko kwenye msururu wa viwanda vya saruji vya nchi hii. Mawe ya chokaa na makaa ya mawe huwa na chembe za zebaki. Tanuri likiwaka, zinapanda na moshi.

Inayopanda hushuka na mvua. Ikiishia kwenye tope lisilo na hewa chini ya mto, ziwa au bahari, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, na hiyo ndiyo sumu ya sura hii. Mwani huinyonya, wadudu wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu, mbuta na papa hula dagaa na wadogo zao. Kila mlaji hurithi alichokuwa nacho aliyeliwa, wala hana njia rahisi ya kukitoa. Ndiyo maana samaki mkubwa anayewinda anaweza kubeba zebaki mara milioni moja kuliko maji anayoogelea. Unaweza kuchota maji hayo, ukayapima, ukaambiwa ni salama, na usiwe umedanganywa.

Wapishi, niwieni radhi: hakuna dawa yake jikoni. Zebaki-methili haikai kwenye mafuta ya samaki hata ikatwe pamoja nayo. Imejishikiza kwenye protini, katika mnofu wenyewe. Limau haliigusi. Kukaanga hadi kukauka hupunguza maji tu, na kila gramu inayobaki huwa na zebaki zaidi kidogo.

Dunia ilijifunza haya kwa gharama ya mji mmoja wa wavuvi kusini mwa Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso huko Minamata kilikuwa kikimwaga maji yake machafu kwenye ghuba. Paka wa mji ndio waliotangulia kuugua: walizunguka, wakarukaruka, wakatumbukia baharini. Mei 1956 hospitali ya kiwanda hicho hicho iliripoti watoto wenye ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Wagonjwa walikuwa na ganzi mikononi na miguuni, walishindwa kufunga vifungo, waliona kama wanaochungulia kwenye bomba, maneno yakawakwama. Serikali ya Japani haikukiri rasmi chanzo chake hadi 1968.

Daktari mmoja kijana, Masazumi Harada, alishughulishwa na watoto waliozaliwa wakiwa tayari wagonjwa. Mama zao walikuwa wazima, au walikuwa na ganzi kidogo tu. Udaktari wa wakati huo uliamini kwamba kondo la nyuma huchuja sumu na kumkinga mtoto. Harada alitilia shaka, lakini angethibitisha vipi, mimba zenyewe zikiwa zimepita miaka mingi? Jibu lilikuwa kwenye makabati ya watu. Japani, familia hukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukihifadhi ndani ya kisanduku kidogo. Vitovu hivyo vilikusanywa, vikapimwa, na zebaki-methili ilikuwamo. Kondo halikuwa limechuja kitu. Leo tunajua kwamba damu ya mtoto tumboni huwa na zebaki-methili nyingi kuliko ya mama yake, na kwamba ubongo unaojengwa ndio unaoumizwa na kiasi kidogo kabisa.

Harada, aliyefariki 2012, alitumia maisha yake kuufuata ugonjwa huo popote uliposemekana kuwapo. Katika miaka ya 1990 ufuatiliaji huo ulimleta Ziwa Viktoria. Sababu zilikuwa za msingi: dhahabu ya Geita na Migori ilikuwa ikisafishwa kwa zebaki, mito ya huko inaingia ziwani, na watu wa ziwani hula samaki asubuhi na jioni. Yeye na wenzake walikusanya nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao, Tanzania na kisha Kenya. Nywele ni daftari zuri: hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita hutunza kumbukumbu ya mwezi wake.

Samaki wengi waliopimwa walikuwa chini ya viwango vya tahadhari. Watafiti wengine, akiwamo Linda Campbell kutoka Kanada, walikuta mambo kama hayo: tilapia ana zebaki kidogo sana, na mbuta mwenye kuhitaji kuangaliwa ni yule mkubwa sana tu. Hata hivyo baadhi ya nywele zilitoa tarakimu za kushtua kuliko nyingi za Minamata kwenyewe, na hazikuwa za wachimbaji. Nyingi zilikuwa za wanawake waliokuwa hawajawahi kushika karai la dhahabu.

Kilichofumbua fumbo ni aina ya zebaki. Mla samaki huwa na zebaki-methili kwenye nywele zake. Kwa wanawake hawa, sehemu kubwa haikuwa methili bali zebaki ya kawaida, ya chumvichumvi, ambayo samaki hawezi kuileta kwa wingi namna ile. Ilikuwa ikitoka bafuni. Walikuwa wanaoga kwa sabuni za kujichubua zilizotengenezwa Ulaya, zenye iodidi ya zebaki, ambazo Ulaya kwenyewe hazikuruhusiwa kuuzwa. Ripoti ya Kenya ilichapishwa 2001. Mtaalamu mkubwa kuliko wote wa sumu ya samaki alivuka dunia kufuata samaki, akakuta sabuni.

Nairobi ilikuwa imeshaonywa kitambo. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa madaktari wa Nairobi kuhusu wagonjwa wa figo, watu waliovimba nyuso na miguu huku mkojo ukitoa povu la protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Krimu hizo hazijaisha: hubadilisha jina na rangi ya kopo, huuzwa dukani bila orodha ya viungo na siku hizi mitandaoni pia. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ambao safari yake ilianzia Nairobi Februari 2009 pale mataifa yalipokubaliana huko Gigiri kuuandaa, ulikuwa ukivumilia vipodozi vyenye zebaki chini ya sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikutana Geneva zikaiondoa ruhusa hiyo pia, mwisho ukiwa 2025. Mwaka huo huo wa 2023 Kenya iliuridhia mkataba, miaka kumi baada ya kutia saini. Tanzania na Uganda zilikuwa zimetangulia.

Kwa hiyo ukiniuliza zebaki iko wapi zaidi ndani ya nyumba ya kawaida ya Machakos, nitakuambia uanze na kabati la vipodozi kabla hujafungua sufuria.

Sufuria nayo ina habari zake. Samaki wa bahari si wa ziwa. Papa, sulisuli na jodari wakubwa huishi miaka mingi, huwinda, na hujilimbikizia. Wataalamu wa FAO na WHO walikubaliana 2003 kwamba mtu asizidishe mikrogramu 1.6 za zebaki-methili kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Mwanamke wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Akila papa mwenye miligramu 1 kwa kilo, kiwango kisicho cha ajabu kwa papa, nafasi hiyo huisha kwa gramu 96 za mnofu, kipande kisichojaza kiganja. Na kanuni za kimataifa za chakula, Codex, zinamruhusu papa kufika miligramu 1.6, ambapo gramu 60 tu zinatosha. Sasa mpe tilapia mwenye miligramu 0.02 kwa kilo: angelazimika kula karibu kilo 5 kwa wiki ili afike palepale. Omena, kwa kuwa ni wadogo na maisha yao ni mafupi, wako upande huo huo wa salama.

Kwa hiyo papa mkavu wa nazi, ambaye Mkamba aliyefanya kazi Mombasa hurudi nyumbani akimsifu, ni kitoweo cha mara mojamoja, na kwa mama mjamzito au anayenyonyesha ni cha kusubiri. Jodari wa mkebe kwa kawaida huwa wa jamii ndogo, si yule wa kilo 100. Usimweke kapu moja na papa. Changu, vibua na wenzao wadogo wa miambani hawana neno. Zebaki ikishaingia mwilini, nusu yake hutoka kwa takriban siku 50 hadi 70, na hivyo anayepanga kushika mimba anafaa aanze kuchagua samaki miezi kadhaa mapema, si siku ya kuandikishwa kliniki.

Nimesema kuchagua, sikusema kuacha. Watafiti wamebishana kuhusu hili kwa zaidi ya miaka 30 kupitia mafungu mawili ya visiwa vya mbali. Katika visiwa vya Faroe, watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1986 na 1987 walifuatiliwa, na wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walionekana nyuma kidogo katika lugha, umakini na kumbukumbu walipofika miaka saba. Kule watu hula nyangumi, na nyangumi huyo ana zebaki nyingi kuliko samaki. Katika visiwa vya Shelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, mama na watoto 779 walifuatiliwa. Mama hao walikula samaki kama mara 12 kwa wiki, samaki wa kawaida wa bahari hii yetu, na watafiti hawakukuta madhara ya kueleweka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba samaki huleta na kinga yake, yale mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo, na mizani hutegemea kipi kimezidi.

Mizani ya Machakos ni rahisi kusoma. Mkenya wa wastani hafikishi kilo 5 za samaki kwa mwaka, robo tu ya wastani wa dunia. Mtoto wa Mwala au Kathiani anayenyimwa omena kwa sababu ya uvumi wa WhatsApp anapoteza protini, chuma na kalsiamu ya hakika kwa kuogopa zebaki ambayo kwenye omena karibu haipo. Hasara hiyo haitangazwi na waziri yeyote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wakaguzi wapo, ila wamegeukia upande mwingine. Mwaka 1999 Ulaya ilipiga marufuku mbuta wa Ziwa Viktoria baada ya habari za watu kuvua kwa kutumia dawa za kuulia wadudu, na tangu hapo minofu inayosafirishwa nje hupita maabara. Mgongo wazi, sehemu ya samaki yuleyule inayobaki hapa, hupita kwenye karai la mafuta na kuishia Marikiti.

Yote hayo yanahusu samaki wanaoletwa Machakos. Mto unaopita Machakos wenyewe ndio unaoninyima usingizi. Athi hukusanya maji ya Nairobi yote. Mto Nairobi hupita ubavuni mwa jaa la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, na linalopokea taka hadi leo: betri, taa za umeme, vipimajoto vilivyovunjika, taka za hospitali. Mwaka 2007 UNEP ilichapisha uchunguzi wa hapo. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kuzidi kiwango cha hatari cha wakati ule. Udongo wa jaani ulionyesha zebaki sehemu 46.7 kwa milioni, na wa kando ya mto 18.6, dhidi ya 2 zilizohesabiwa kukubalika. Kutoka hapo maji huungana na Athi, yakaporomoka Fourteen Falls chini ya Ol Donyo Sabuk, yakapitia mashamba ya sukuma wiki na nyanya yanayomwagiliwa kwa pampu za petroli, yakazunguka nyanda za Yatta, na kuingia bahari ya Malindi yakiitwa Sabaki. Anayekula samaki wa mdomo wa Sabaki ana jamaa na Dandora asiyemfahamu.

Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi, katika kesi iliyohusu uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi, iliamuru jaa hilo lihamishwe ndani ya miezi sita. Bado lipo.

Na sasa kuna Thwake. Bwawa hilo, lililoanza kujengwa 2018 mahali Mto Thwake unapokutana na Athi kule Makueni, limepangwa kushika maji zaidi ya mita za ujazo milioni 600, ya kunywewa, kumwagilia na kuhudumia jiji la Konza. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imekwisha kuonya kuhusu uchafu wa Nairobi utakaojikusanya humo. Onyo hilo limezungumzwa kama suala la maji ya kunywa, na ya kunywa yana mitambo ya kuyasafisha. Sijasikia likizungumzwa kama suala la samaki.

Wakanada wangetueleza. Mabwawa makubwa yalipojengwa kwenye Mto La Grande jimboni Quebec, udongo na misitu iliyofunikwa na maji ikaanza kuoza, tope likakosa hewa, na bakteria wakapata kazi. Zebaki ndani ya samaki ikapanda mara kadhaa, ikapanda pia kwenye nywele za Wakree, wenyeji wanaoishi kwa kuvua, mpaka mwaka 1986 ukatiwa saini mkataba mahususi wa kushughulikia jambo hilo. Ilichukua miaka 20 hadi 30 samaki kurudi walipokuwa. Udongo wao ulikuwa na zebaki ya kawaida tu, iliyoletwa na upepo. Hawakuwa na Dandora juu ya mto.

Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 kwenye Mto Tana, limeshapita umri huo wa hatari, na maji yake hayatoki Nairobi. Thwake ndio kwanza linaanza, na samaki hawatasubiri mradi wa kuwapanda. Kambale watapanda wenyewe na mto, vijana watanunua nyavu, na ndani ya miaka michache kutakuwa na ndoo za samaki kwenye pikipiki kuelekea Wote na Machakos, wenye mashavu mekundu, wasiotoka China. Kinachohitajika kabla ya hapo hakifiki bei ya gari moja la serikali: makopo ya tope kutoka sehemu kadhaa za Athi, kambale wa ukubwa tofauti, na vifundo vidogo vya nywele za wanawake wa vijiji vya kando ya mto, vipimwe sasa na vipimwe tena kila mwaka. Bila tarakimu za leo, daktari atakayekuja kufuata samaki hao baada ya miaka 15 hatakuwa na cha kulinganisha nacho, na katika nyumba za Ukambani hakuna kabati lenye visanduku vya vitovu.